Benchi la Mmaliziaji

Mwisho wa sentensi ni mali ya nani? Nimejiuliza hivyo tangu asubuhi, na asubuhi yenyewe sina hakika kama ni ya leo. Huku Chini siku huanza vizuri tu. Jua linatoka, jogoo wanawika, watu wanapiga mswaki mlangoni wakisalimiana kwa povu mdomoni. Halafu, mahali fulani baada ya adhuhuri, ukungu unashuka na kuifuta sehemu ya siku iliyobaki, nasi tunaingia kulala bila kujua kama jua lilitua au lilichukuliwa. Wenzetu wa Juu wanasema machweo yanapendeza mno. Tunawaamini, maana tutafanyaje.

Kila mtu ana Kioo. Hili nalisema mapema kwa sababu wa Juu wanapenda sana litajwe. Kioo changu na cha tajiri vimetoka kiwanda kimoja, vina ukubwa mmoja, na vyote viwili huwaka ukivigusa kwa kidole. Siku vilipogawiwa bure, mkubwa mmoja alitokea ndani ya kila Kioo, uso wake umejaa bashasha, akatuambia: "Ndugu zangu, kuanzia leo hakuna tena wa Juu wala wa Chini, kwa sababu kila mmoja wetu sasa…" Hapo ukungu ukampanda mpaka usoni. Tulipiga makofi hata hivyo. Mpaka leo tunaisubiri sehemu iliyobaki ya hotuba ile.

Ndivyo Kioo kilivyo. Kiulize jambo lolote, maandishi yatatokea, mstari wa kwanza safi, wa pili safi, kisha weupe unapanda kutoka chini na kuyafunika mengine yote. Ukipangusa kwa kiganja unajichosha bure, ukungu uko upande wa ndani. Wenye uwezo hulipia uondoke, na kwao umeondoka siku nyingi kiasi kwamba watoto wao hawaujui. Sisi tusio na uwezo tumegeuka watu wa mwanzo. Tunajua kwamba mpangaji anayefukuzwa nyumba analindwa na sheria, na sheria hiyo inasema… Tunajua kwamba nafasi za kazi ziko wazi kwa kila raia ambaye… Tunajua kwamba uvimbe kwenye titi si wa kuogopwa endapo… Sitaki kuendelea na huo, mwenye uvimbe yuko mtaani kwetu na anapenda kuimba.

Mimi ni mmaliziaji. Jina langu Mwinyi, na baada ya Mwinyi liko neno jingine, lakini Kioo cha usajili kiliishia hapo na wazazi hawakuwa na uwezo wa kuliona lililofuata. Kazi yangu ni kukaa kwenye benchi. Mtu anakuja na mwanzo wake, ananisomea mpaka pale weupe unapoanzia, nami nachukua hapo hapo na kumalizia. Namalizia kwa sauti ya Kioo, ile isiyo na hasira wala huruma, bila kuvuta pumzi katikati, ili kiungo kisisikike. Mteja anatakiwa atikise kichwa kabla sijanyamaza, ndipo mwisho unakuwa wake na anaondoka nao. Ananiachia alichobeba, kipande cha muhogo au fungu la mchicha. Na kuna jambo moja ambalo mmaliziaji halisemi hata akishikiwa kisu, nalo ni sijui. Mtu aliyekuja na nusu hawezi kurudishwa nyumbani na nusu ileile.

Mtasema ni uongo. Njooni basi mkae hapa nyinyi, mtazamwe na macho yale. Yupo mpishi aliyeniletea mwanzo wa maandazi, "ili unga uumuke vizuri, uweke mahali penye…" nikamwambia penye redio inayoimba taratibu. Alirudi kunishukuru, na maandazi yake yalikuwa laini kweli. Nusu ya mtaa huu imejengwa kwa miisho ya namna hiyo. Watu wameoana kwa miisho yangu, wamehama nyumba, wamezika. Wakati mwingine napita mahali nikasikia mama akimfundisha mwanawe jambo kwa uhakika kabisa, nikashtuka kugundua kwamba ni mimi nililitunga. Au ni yule aliyekalia benchi kabla yangu. Siwezi kutofautisha, kwa sababu sote huongea kwa sauti moja, na mbao zimekaliwa mpaka zina shimo la makalio ambalo linamtosha yeyote. Kuna asubuhi nakaa na kuhisi kwamba si mimi niliyekuja, ni benchi lililojiletea mtu.

Siku hizi nina wasiwasi zaidi, kwa sababu ukungu umeanza kuvuja. Zamani ulikaa ndani ya Kioo. Sasa unatoka pembeni, unajikusanya kwenye mitaro, unapanda. Kuna wakati wa mchana nikitazama chini naona magoti yangu na sioni miguu. Mwanamke anamwita mtoto wake kwa jina akasahau katikati ya jina. Watu wanaanza salamu wakaachana kabla ya kuitikiana. Hakuna anayelisema hili wazi, na mimi pia silisemi, nimelibeba kifuani mchana kutwa.

Benchi langu limeegemea Ukingo. Ukingo ni ukuta mfupi tu unaonifika kiunoni, mbuzi anauruka, lakini mimi sijawahi kumwona mtu wa huku akiuruka. Upande wa pili kuna mkahawa, na kwenye meza iliyo karibu kabisa na mgongo wangu hukaa Bwana Makungu, mtu wa makamo, shati la mikono mirefu hata kwenye joto. Kioo chake kiko mezani wazi tangu juu hadi chini. Nikigeuza shingo nikisome, kinajizima papo hapo, kwa kuwa kinayatambua macho ya mwenyewe na hakikubali mengine. Nilichobaki nacho kutoka kwa Makungu ni kicheko chake.

Nieleze hili vizuri, maana ndilo lililonifikisha hapa. Makungu alikuwa na mchezo. Akisikia mteja ananisomea mwanzo, yeye anautafuta kwenye Kioo chake, anausoma mpaka mwisho, kisha anategea nitasema nini. Nikikosea, anacheka mpaka kikombe kinagonga sahani. Mwanzoni niliudhika. Baadaye nikagundua kwamba nikipatia, hacheki. Basi nikawa natupa mwisho wa kwanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesafisha koo, nasikiliza. Akicheka, natupa mwingine. Akinyamaza, naugeukia umati na kuutangaza. Ndiyo maana nilisifiwa kuliko wamaliziaji wote. Wateja walisema nina kipaji, na mimi niliitikia kwa unyenyekevu wa kuvaa. Ukweli ni kwamba kimya cha Makungu ndicho kilichonilisha, na yeye na mimi hatukuwahi kulizungumza.

Leo, kama ni leo, foleni ilikuwa ya kawaida. Mbele alisimama Bi Mize, muuza vitumbua, na mwanzo wake wa habari za kodi ya nyumba. Nyuma yake walikuwepo wengine kadhaa, na beseni, na ndala, na miayo. Harufu ndiyo iliyofika kwanza, harufu ya mafuta ya taa, kisha akatokea Kidawa, fundi cherehani wa kichochoro cha pili, mwanamke wa maneno machache ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Alikuwa akikimbia. Begani alimbeba binti yake Tunu, mtoto wa mwaka na ushei, mdomo unang'aa, macho mekundu, anakohoa kikohozi kidogo kidogo kisichofika popote. Alisema mafuta yalikuwa kwenye chupa ya soda karibu na jiko la mchina, na mtoto alifikiri ni soda. Hakuna aliyelalamika kwamba ameruka foleni. Alinisogezea Kioo chake usoni. Kiliandika hivi: "Mtoto akinywa mafuta ya taa, jambo la kwanza, na la muhimu kuliko yote, ni kuhakikisha kwamba…"

Baada ya hapo ni weupe.

"Malizia, Mzee Mwinyi," Kidawa alisema.

Nilifumba macho kama kawaida. Nyuma yangu nilisikia kidole cha Makungu kikigonga Kioo chake, anautafuta. Nikatupa mwisho wa kwanza chini ya pumzi, ule ambao kila mama wa huku angeufikiria: kwamba anatapika yote, upesi, mpaka abaki mtupu. Nikasikiliza. Hakuna kicheko. Kikombe hakikugonga sahani. Basi nikafumbua macho, nikautangaza kwa sauti ya Kioo, "…anatapika yote upesi iwezekanavyo," na Kidawa akatikisa kichwa kabla sijamaliza, akamlaza mtoto kwenye paja lake, akamtia kidole mdomoni.

Sijui ni nini kilichonigeuza shingo. Labda ni kwa sababu kimya kile kilikuwa kirefu kupita kawaida. Nilimwona Makungu ameshikilia kikombe katikati ya meza na mdomo, hanywi, hakiweki. Kioo chake kilikuwa kimejizima kwa kuniona. Na uso wake haukuwa uso wa mtu anayesikia jambo sahihi. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakucheka kwa sababu hakuna binadamu anayecheka mtoto akiwa na mafuta ya taa tumboni. Angenyamaza hata kama ningesema apewe misumari.

Niliukamata mkono wa Kidawa. Nikamwambia angoje. Nikatupa mwisho mwingine, kinyume cha ule, kwamba asitapishwe hata kidogo. Kimya. Kimya kilekile, hakikupungua wala kuongezeka. Yatoke. Yasitoke. Yatoke kwa sababu ni sumu, na sumu ikae ndani kwa nini. Yasitoke kwa sababu. Kwa sababu ipi? Mbona sina sababu hata moja yangu mwenyewe? Nimekaa hapa umri mzima nikisema kwa sababu, kwa sababu, kwa sababu, na zote nimeziokota kwenye koo la mtu mwingine. Mtoto alikohoa. Kidawa alinitazama, kidole chake kimelowa, anangoja ruhusa ya kuendelea. Alikuwa ananiamini, na kule kuaminiwa kuliniuma kama kuchomwa.

Nilimgeukia Makungu waziwazi, jambo ambalo halifanyiki. Nilimwomba asome. Nilisema mstari mmoja tu, hata nusu yake, au anyooshe kidole, au atikise kichwa. Alivuta Kioo chake akakikumbatia kifuani. Alipoongea aliongea bila kufungua mdomo sawasawa, macho yakiwa chini.

"Kinanisikia, bwana. Nikiwasomea, kitafunga. Nikitikisa kichwa, kinaniona. Kikishafunga, tunashushwa huko kwenu, mimi na wanangu."

"Huyu naye ni mtoto," nilimwambia.

"Naona," alisema Makungu, na machozi yalikuwa yanamtoka, namshuhudia kwa hilo. "Naona kabisa."

Akabaki ameketi hapo hapo. Hakuondoka na hakusema. Ukuta ulikuwa kiunoni. Jibu lilikuwa kifuani pake, umbali wa mkono, limeandikwa kwa lugha yetu, na kuna mtu mahali fulani aliliandika ili watoto wasife. Nalifikiria sana jambo hilo, kwamba aliyeliandika huenda alikuwa na haraka ya huruma, huenda alitaka limfikie kila mama. Halafu akaja mwingine akalitia ukungu. Huyo wa pili sijui anafanana na nani, anakula nini, analalaje.

Nilirudi kwa Kidawa. Watu wa foleni walikuwa wametuzunguka. Nilitafuta sauti ya Kioo nikaikosa. Iliyotoka ilikuwa sauti nyingine, ya kukwaruza, nadhani ni yangu.

"Sijui," nilisema.

Hawakuelewa. Mtu mmoja nyuma akauliza nimesema nini, na mwingine akamjibu kwamba Mzee anatafuta maneno. Nikarudia. Nikasema sijui, na niliyoyasema kwanza pia siyajui, nimeyatunga, Kidawa usimtapishe kwa neno langu. Nikauliza kama kuna yeyote pale aliyewahi kumwona mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. Nikasema asiniambie ameambiwa nini. Aniambie ameona nini.

Kilikuwa kimya cha aibu, kana kwamba nimevua nguo mbele yao. Huku kwetu hatuulizani. Mwenye jambo anakiuliza Kioo, kisha anamuuliza mmaliziaji, kisha anakwenda zake. Tumekaa ukuta kwa ukuta na hatujui jirani ameona nini maishani mwake. Kisha mwanamke mwenye beseni akasema, kwa mashaka, kwamba mtoto wa dada yake aliwahi kuyanywa, na dada yake siku hiyo hakuwa na Kioo, alikuwa shambani, kwa hiyo hakumfanya chochote zaidi ya kumkalisha wima na kukimbia naye mpaka zahanati. "Yupo," alisema. "Juzi kanivunjia kioo cha dirisha." Mwanamume mmoja akasema wa kaka yake alipewa maziwa akatapishwa, na mafuta yakamwingia mapafuni, akaumwa muda mrefu, na mpaka sasa hawezi kukimbia. Mwingine akasema hata paka wake. Watu wakamnyamazisha, lakini aliendelea kuhusu paka.

Ndipo Bi Mize alipoongea. Aliongea haraka, kwa faida ya Tunu, akimtazama Tunu tu. "Wangu nilimtapisha," alisema. "Alikuwa anakohoa hivyo hivyo, kidogo kidogo. Yalipokuwa yanatoka ndipo pumzi ilipoanza kukwama, na midomo ikabadilika rangi. Kabla ya kumtapisha alikuwa analia vizuri kabisa. Usimtapishe, Kidawa. Mkalishe wima, mvue hiyo nguo yenye mafuta, mpeleke."

Kidawa alimtazama Bi Mize, kisha mimi. Akamvua mtoto, akamfuta kwa kanga, akamkalisha wima mkononi, akaanza kwenda. Mwanamke wa beseni akaliacha beseni akamfuata, na yule wa habari za mapafu akatangulia kufungua njia, maana ukungu wa mchana ulikuwa tayari umefika magotini na zahanati iko mwisho kabisa wa mtaa.

Tulibaki. Sikumwita mteja aliyefuata, na hakuna aliyesogea mbele. Makungu alikuwa bado mezani, Kioo kifuani, kahawa imepoa. Niliogopa vibaya. Niliogopa kwamba tumemwua mtoto kwa kura, kwa paka na dirisha. Nilijaribu kuifikia sauti ya Kioo ili iniambie kwamba tumefanya sawa, na haikuja. Nadhani ndivyo watu walivyokuwa wakiishi kabla ya Vioo, wakikaa na hofu yao mpaka habari irudi kwa miguu. Sijui waliwezaje.

Habari ilirudi na yule mwanamume, anahema, suruali imelowa ukungu mpaka mapajani. Tunu alikuwa amelazwa, anapumua, wanamwangalia. Alikuwa amelia kwa nguvu alipochomwa sindano, na kilio hicho kilimfurahisha muuguzi. Watu walipiga makofi. Mmoja alinipiga bega kwa kusahau kwamba sikufanya lolote. Yule mwanamume akataka kutueleza aliyoyasema daktari, na kwa mazoea ya huku akatuletea mwanzo wake tu, kwa sababu mwisho alifikiri kila mtu ameshauelewa. "Kasema shukuruni hamkumtapisha," alisema, "kwa sababu mngemtapisha, basi…"

Akapunga mkono. Watu wakacheka kwa unafuu, wakaanza kutawanyika, kila mmoja akienda kumsimulia mwingine.

Bi Mize hakutawanyika. Alikuwa amesimama palepale, sinia la vitumbua mkononi, anatazama alikoelekea yule mwanamume aliyekwisha kuondoka. Alikuja taratibu akaketi kwenye benchi, upande wangu, mahali ambapo mteja hakai. Kwa muda alikuwa akiupanga upya ukingo wa kanga yake.

"Kwa hiyo Hidaya wangu…" alisema.

Akanigeukia. Alikuwa ananingoja, kama wanavyoningoja wote, na macho yake yalikuwa yameshuka kwenye midomo yangu. Niliujua mwisho wake. Ulikuwa wazi mbele yangu, herufi kwa herufi, bila weupe wowote, na nilitamani kwa moyo wangu wote ukungu upande uufunike. Sikuweza kuutunga mwingine. Nilimshika mkono, ulikuwa na mafuta ya kukaangia na ulikuwa baridi. Aliyempa neno la kutapisha alikuwa amekaa hapa nilipokaa, akiongea kwa sauti hii, na Bi Mize hakuniuliza kama ni mimi.

Alingoja mpaka akaona kwamba sitasema.

"Angekuwa hai," Bi Mize alisema.

Alikaa na maneno hayo kidogo, akiyasikiliza. Kisha alipangusa uso kwa ncha ya kanga, akaliinua sinia, akasimama. Nyuma yetu kiti cha Makungu kilikwaruza sakafu lakini sikugeuka. Bi Mize alipofika pale ukungu unapoanzia alisimama, na bila kunitazama akasema kwamba akija mwingine na mafuta ya taa, tusimwambie kitu. "Niiteni mimi," alisema. "Hata kama nimelala, mnigongee."